Sharti la Wosia Lisomeke Kwanza

Kuna kundi la vichekesho vya filamu bubu ambalo kisa chake ni kimoja, kinageuzwageuzwa tu: mtu kaachiwa mali, lakini haipati mpaka awe ameoa au ameolewa, na saa haimsubiri. Watu wakiangua kicheko kwenye filamu hizi, au wakikaa kimya mwanzo mwisho, sababu karibu kila mara ni hiyohiyo. Wamelishika sharti la wosia mapema, au hawakulishika. Mbio, kuanguka, magari yanayokoswakoswa kugongana, kanisa lililojaa mabibi harusi, vyote vimening'inia kwenye karatasi moja inayoonyeshwa kwa sekunde chache. Karatasi ikimpita mtazamaji, kinachobaki ni mtu anayekimbia bila sababu, na huyo hachekeshi zaidi ya dakika tatu.

Ninayoandika hapa ni kwa anayetaka kuzionyesha kwa watu wanaozungumza Kiswahili, iwe ukumbini, darasani au uani kwenye shuka jeupe.

Filamu nzuri ya kuanzia ni Matrimony's Speed Limit ya mwaka 1913. Aliyeiongoza ni Alice Guy-Blaché, Mfaransa aliyeanza kuongoza filamu mwaka 1896 akiwa karani wa kampuni ya Gaumont, kisha akahamia Marekani na mwaka 1910 akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Solax, iliyokuja kujenga studio Fort Lee, New Jersey. Kijana mmoja amefilisika kwenye biashara ya hisa, na kwa kuwa hana kitu anavunja uchumba. Mchumba wake anazo fedha na yuko tayari kumsaidia, lakini kijana hakubali kulishwa na mwanamke. Basi msichana anatunga telegramu: shangazi yako amefariki, amekuachia mali, ila uwe umeoa kabla ya saa 6 mchana. Kijana anatoa saa mfukoni. Zimebaki dakika chache.

Tazama hapo kwa makini, maana ufundi wote uko hapo. Mtazamaji ameona telegramu inatoka wapi. Anajua hakuna shangazi wala mali. Kijana hajui. Kwa hiyo kila mwanamke anayesimamishwa barabarani na kuombwa ndoa anachekesha mara mbili, kwa sababu ya haraka ya kijana na kwa sababu haraka yenyewe ni ya bure. Huku nyuma msichana naye yuko ndani ya gari na mchungaji, anamtafuta mwanamume ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemtimua mbio. Ukimruhusu mtazamaji aikose ile sehemu fupi ya msichana na telegramu, umempokonya nusu ya filamu. Kwa hiyo usianze kuonyesha watu wakiwa bado wanatafuta viti. Filamu ya dakika 14 haina dakika ya kupoteza mwanzoni.

Mbio za kutafuta ndoa zilikuwa zimeshazoeleka kabla yake. Mwaka 1904 kampuni ya Biograph ilitoa Personal, kisa cha bwana mkubwa wa Kifaransa anayetangaza gazetini kwamba anatafuta mke, akutane naye kwenye kaburi la Grant, New York. Wanakuja wengi, naye anatimua mbio, wao nyuma yake. Ilipendwa mno hata kampuni ya Edison ikatengeneza ya kwake ileile mwaka huohuo, kwa mkono wa Edwin S. Porter. Biograph wakaenda mahakamani, na jaji akakataa kuizuia filamu ya Edison. Lubin wa Philadelphia naye akatoa ya kwake, Pathé wa Ufaransa wakafuata. Kwenye hizo za mwanzo kulikuwa na tangazo tu. Wosia ulipoingia ukaleta kitu ambacho tangazo halina, nacho ni saa ya mwisho.

Hapa mtazamaji wetu ana swali la haki, na mwonyeshaji awe na jibu. Kwa mtu aliyekulia kwenye mirathi ya Kiislamu, kisa hiki hakiingii akilini. Mafungu ya warithi yamekwishapangwa, na wasia wa marehemu hauvuki theluthi ya mali. Babu atamfungiaje mjukuu mali yote kwa sharti la kuoa? Kwa sheria ya Kiingereza na ya majimbo mengi ya Marekani, mwenye mali ana uhuru mpana zaidi wa kuigawa atakavyo na kuiwekea masharti. Sharti la kumkataza mtu asioe kabisa mahakama zilikuwa zikilitupa, lakini la kumhimiza aoe lilisimama. Lisemwe hilo kwa sentensi mbili kabla taa hazijazimwa. Lisipokuwa limesemwa, utasikia watu wakibishana mirathi katikati ya mbio, na wana haki ya kubishana.

Sasa spidi. Hili ndilo linaloharibu maonyesho mengi kuliko jambo lolote, tena bila mtu kujua kilichoharibika.

Rili moja, yaani gurudumu moja la filamu ya milimita 35, ilikuwa na urefu wa hadi futi 1,000, na kila futi ina picha 16. Jumla ni picha 16,000. Kamera zilizungushwa kwa mkono: mzunguko mmoja ulipitisha picha 8, kwa hiyo mizunguko 2 kwa sekunde ilitoa picha 16. Rili nzima ikienda kwa picha 16 kwa sekunde huchukua dakika 16 na sekunde 40. Kwa picha 18 ni dakika 14 na sekunde 49. Kwa picha 24, ambayo ndiyo spidi ya filamu zenye sauti, ni dakika 11 na sekunde 7 tu. Hakukuwa na spidi moja iliyofuatwa na wote, na kadiri miaka ya 1920 ilivyosonga ndivyo spidi ilivyopanda. Kwa hiyo ukipata nakala ya rili kamili ya mwaka 1913 inayomalizika kwa dakika 11, jua mtu ameihamisha kwa picha 24 bila kurekebisha, na waigizaji wote wamegeuka kuku waliomwagiwa maji.

Dawa yake ni rahisi. Programu nyingi za kuchezesha video zina mahali pa kubadili spidi. Weka 0.75, nayo itarudisha picha 24 hadi 18. Weka 0.67 kama unataka 16. Muziki uliobandikwa nao utapungua na kuvutika, kwa hiyo uzime na utumie wako. Usipime spidi kwa mbio, pima kwa vitu visivyoigiza: mtu anayepita nyuma kwa mbali, farasi wa mkokoteni, moshi wa bomba, gauni linaloshuka baada ya mtu kukaa. Gauni likishuka kama linavyoshuka gauni, umefika. Baada ya hapo usiguse tena, hata kama mbio zitaonekana za kasi mno, maana wapiga picha wa vichekesho walizoea kuzungusha mkono polepole makusudi wakati wa mbio, labda picha 12 au 14 kwa sekunde, ili zikionyeshwa ziende haraka. Hiyo kasi ni ya kwao. Ukiipunguza ili ifanane na maisha, umeua kichekesho walichokusudia.

Baada ya spidi ni maandishi. Kadi za maandishi kati ya picha na picha ziko kwa Kiingereza, na njia nzuri kuliko kubandika tafsiri chini ya picha ni mtu mmoja kusimama pembeni na kusema. Jambo hilo si geni. Japani walikuwa na wasimulizi wao wa filamu bubu, waliokuwa na majina makubwa kama waigizaji. Kwetu, watu wamezoea filamu zilizotafsiriwa kwa mdomo na madijei wa Tanzania na Kenya, na mavijei wa Uganda. Ila mazoea hayo yana hatari yake hapa. Dijei wa filamu za mapigano haruhusu kimya. Filamu bubu ya kuchekesha inataka mdomo ufungwe pale mwili unapoanza kusema. Msimulizi asome kadi, asome barua, asome saa, basi.

Pima maneno. Kadi ya kawaida hukaa sekunde chache, na mtu anayesoma kwa sauti ya kusikika vizuri hutoa maneno kama mawili kwa sekunde. Kwa kadi ya sekunde 5, una maneno 10. Sharti la wosia likiwa refu, simamisha picha, lisome lote, kaa kimya sekunde tatu, ndipo uendelee. Ni mahali pekee ninapokubali kusimamisha picha, na pana thamani hiyo. Chukua wosia wa Haunted Spooks, filamu ya rili mbili ya mchekeshaji Harold Lloyd ya mwaka 1920. Msichana, anayeigizwa na Mildred Davis, atarithi jumba ikiwa ataishi humo na mumewe mwaka mzima. Hana mume. Akishindwa, jumba linakwenda kwa ndugu wa mzazi wake. Hiyo inasemeka hivi: "Uishi humu na mumeo mwaka mzima. Ukishindwa, nyumba ya ami." Maneno 10.

Lakini kwa nini ami? Kiingereza kina neno moja tu hapo, halisemi kama ni ndugu wa baba au wa mama. Kiswahili kinakulazimisha uchague. Wengi husema mjomba kwa mazoea ya shule. Mimi nasema ami, au baba mdogo kwa bara, kwa sababu ya mirathi. Ami ni asaba, yaani mrithi wa upande wa baba, anayo njia ya wazi kwenye mali ya ukoo, na mtu akisikia "ami" anaelewa mara moja kwa nini huyu bwana ananyemelea jumba na kwa nini anajifanya mzimu ili kuwafukuza maharusi. Ukisema mjomba, anaonekana mtu wa heri, mpole, na hadhira inachelewa kumshuku. Vivyo hivyo kwa yule marehemu wa telegramu ya Alice Guy-Blaché: shangazi, si mama mkubwa.

Halafu saa. Ukomo wa filamu hizi hutajwa kwa saa za kizungu na mshale unaonekana wazi kwenye kioo. Seven Chances ya mchekeshaji Buster Keaton, ya mwaka 1925, si fupi, inakaribia saa nzima, lakini ndiyo iliyokifikisha kisa hiki kileleni na watu huiomba. Humo James Shannon ataachiwa dola milioni 7 akiwa ameoa kabla ya saa 1 jioni ya siku anayotimiza miaka 27. Kwa Kiingereza ni saba, saba, saba, na ni mchezo wa maneno. Kwa Kiswahili saa 7 ni mchana, mshale uko kwenye 1, na ukisema "saa saba" umemdanganya kila mtu aliye ukumbini. Sema saa moja jioni. Mchezo wa saba ni pambo, ukomo ndio nguzo. Watu wetu wamezoea kuuona mshale kwenye 7 na kusema moja, hawahitaji maelezo.

Na katika filamu hiyo saa zenyewe ni sehemu ya kichekesho. Keaton akiwa mbioni, hajui ni saa ngapi, anaingia duka la fundi saa. Ukuta mzima umejaa saa, na kila moja inasema lake. Anamwuliza fundi, fundi anatoa ya mfukoni, nayo imesimama. Msimulizi asiseme kitu hapo, hata neno moja. Ndipo pia ufahamu kwa nini mapema msimulizi alihitaji kulieleza sharti kwa ufasaha: saa zilizokosana zinachekesha tu kwa anayejua kwamba ikifika saa moja dola milioni 7 zimekwenda.

Mbio za mwisho za filamu hiyo, Keaton akifukuzwa na umati wa mabibi harusi, zina somo la utengenezaji. Walipoijaribu mbele ya watu, ukumbi ulipoa mwishoni, isipokuwa sehemu moja: Keaton alipokuwa akiteremka mlima aligusa mawe matatu kwa bahati, yakamfuata, na watu wakacheka. Akarudi akatengenezewa mawe bandia mengi, madogo na makubwa kumpita mtu, akaipiga upya sehemu hiyo akikwepa maporomoko. Mawe nyuma, mabibi harusi mbele.

Kwa filamu fupi ya Keaton, chukua My Wife's Relations ya mwaka 1922, rili mbili. Hapa mpangilio umepinduliwa: ndoa imetangulia, urithi umekuja baadaye, na vyote viwili ni makosa. Kate Price anamkokota Keaton hadi kwa jaji akimshtaki kuvunja kioo. Jaji anajua Kipolandi tu, na alikuwa akisubiri maharusi wa Kipolandi. Anawafungisha ndoa. Keaton anapelekwa nyumbani kwa baba mkwe na mashemeji wanne, majitu, nao wanamfanya si chochote. Baadaye wanakuta mfukoni mwake barua inayosema ameachiwa dola 100,000. Heshima inaanza palepale: nyumba nzuri, nguo nzuri, mkwe anabembelezwa. Halafu wanaikuta bahasha. Jina lililoandikwa juu yake si lake.

Kwa hadhira yetu filamu hii inabeba uzito wa ziada, kwa sababu ya neno mkwe. Jinsi jamaa hawa wanavyomtendea mkwe wao mezani inawashtua watu waliolelewa kwa adabu ya ukweni, na mshtuko huo unasaidia kicheko. Iangalie ile meza. Nyama inapita mikononi mwa mashemeji, kila sahani inamfikia tupu. Keaton hagombani. Anainuka, anakwenda kwenye kalenda ya ukutani, anaigeuza isomeke Ijumaa. Familia ni ya Kikatoliki ya Kiayalandi, na Ijumaa hawali nyama. Wote wanairudisha nyama. Yeye anajichukulia. Kicheko hapo kinategemea mtazamaji kujua mwiko wa Ijumaa, na kwa Mwislamu Ijumaa ina maana nyingine kabisa. Sema mapema, unapowatambulisha wakwe: "Hawa ni Wakatoliki wa zamani, Ijumaa nyama hawagusi." Ukingoja mpaka kalenda ionekane ndipo ueleze, umechelewa, kichekesho kimepita na umebaki na maelezo.

Yapo yanayouma kwenye filamu hizi, na si haki kuyaficha. Kwenye Matrimony's Speed Limit kijana anamposa mwanamke aliyejifunika ushungi, anapoona ni mweusi anakimbia. Kwenye Haunted Spooks watumishi weusi wamewekwa ili wachekwe kwa woga wao. Seven Chances nayo ina mambo ya namna hiyo. Watazamaji wetu wanajiona wao pale. Sikati sehemu hizo, maana filamu iliyokatwa inasema uongo juu ya wakati wake, lakini natangulia kuwaambia watu kwamba zimo na kwamba zilitengenezwa na watu waliodhani ni halali kucheka hivyo. Kwenye Haunted Spooks pia Lloyd anajaribu kujiua mara kadhaa kwa kukataliwa, kila mara inashindikana: bastola ni ya maji, mto ni kina kifupi. Mbele ya wanafunzi siionyeshi bila mwalimu wao kuiona kwanza. Na mkono wa kulia wa Lloyd, kama mtu atauliza: Agosti 1919, filamu ikiwa bado haijamalizika, bomu lililodhaniwa la bandia lilimlipukia akipigwa picha za matangazo, likamng'oa kidole gumba na cha shahada. Alirudi akaimaliza, na tangu hapo alivaa glavu maalumu kufunika pengo.

Muziki. Kosa la kawaida ni piano ya haraka inayopigwa bila kupumua toka mwanzo hadi mwisho. Kinanda kimoja kinatosha, na mpigaji apewe karatasi yenye mambo manne tu: karatasi ya wosia inapoonekana, anyamaze. Saa inapoonekana, arudie noti moja. Mbio zinapoanza, apande hadi mapigo 140 kwa dakika. Ndoa inapofungwa, ashuke. Ile kimya ya wosia ndiyo inayofundisha masikio. Baada ya mara mbili, watu wenyewe watanyamaza kila karatasi inapotokea kwenye picha. Ukitumia muziki uliorekodiwa, kumbuka kwamba filamu yenyewe iliyotolewa Marekani kabla ya 1929 haina tena mwenye haki kule, lakini muziki mpya uliobandikwa juu yake unaye. Ni sababu nyingine ya kuuzima.

My Wife's Relations inamalizika na Keaton akiwa nyuma ya treni, na kibao kinaonyesha neno Reno. Picha hiyo ni ya mwisho, haina kadi, na bila maelezo hakuna atakayecheka. Reno ni mji wa Nevada ambako watu wa majimbo mengine walikwenda kutafuta talaka, kwa kuwa wakati ule mtu aliyeishi huko miezi 6 aliweza kuipata. Itaje mwanzoni kabisa, pamoja na ule mwiko wa Ijumaa, kama habari ya kupita: "Wamarekani wa siku zile, wakitaka talaka ya haraka, walipanda treni ya Reno." Dakika 20 baadaye treni itakapotokea, ukumbi wenyewe utalisoma neno.